Goti Limepona, Woga Bado: Somo kwa Vikundi



Somo la toleo hili limetokana na kosa, na katika kosa hilo na mimi nimo. Nimeona afadhali niliandike ili kikundi kingine kisilirudie. Siku hizi katika parokia zetu wako wazee wengi wanaofanyiwa upasuaji wa kubadilishiwa goti. Tunafanya harambee, tunachanga, mgonjwa anapasuliwa na kurudi nyumbani. Halafu anakaa. Juma la kwanza anakaa, la pili anakaa, la sita anakaa. Goti ni jipya lakini mtu hatembei. Kwa nini?

Lengo la somo. Mwisho wa kikao kila mwanakikundi aweze: (a) kueleza kwa nini mgonjwa wa goti huogopa kutembea; (b) kutofautisha uchungu wa kawaida na dalili za hatari; (c) kupanga na wenzake jinsi ya kumsindikiza mgonjwa.

Muda: saa moja na nusu. Vifaa: kiti imara, stuli, kijiti cha kuchora chini na Biblia.

1. TUANZE NA MCHEZO

Wanakikundi wanne waigize. Nyanya ameketi, mguu uko juu ya stuli, na chini ya goti kuna mto.

NYANYA (akishusha mguu): Wacha nifike pale mlangoni nione jua.

MKAZA MWANA: La, Mama! Rudisha mguu juu. Ukianguka nitamwambia nini baba watoto?

JIRANI: Hodi! Pole, Mama. Pole sana. Usiinuke, usiinuke! Nasikia ati hicho chuma kikiteguka mtu anakatwa mguu.

MZEE: Mimi ni fundi. Hata slabu hatukanyagi kabla ya simiti kushika. Wewe kaa miezi miwili kwanza.

NYANYA (akirudisha mguu): Basi wacha nikae. Na kuumwa pia kunaumwa.

Kiongozi aulize: Mmeona nini? Ni nani hapa anampenda Nyanya? Ni nani anayemdhuru? Mambo haya hutokea kwetu? Usiwe na haraka ya kuwajibia. Waache wabishane kidogo.

2. YALIYOTOKEA KWETU

Mama mmoja wa kikundi ninachokitembelea, mwenye miaka 67, aliteswa na goti kwa miaka mingi. Gegedu ya ndani ilikuwa imelika, mfupa ukawa unasugua mfupa. Shambani alikuwa akipalilia ameketi kwenye ndoo iliyofunikwa chini juu. Kuteka maji mtoni aliacha kabisa. Bima ililipa sehemu, na iliyobaki tukachanga: kikundi, jumuiya ndogo ndogo, watoto wake. Akapasuliwa vizuri, na siku ya nne akarudi nyumbani.

Hospitalini walimsimamisha kesho yake asubuhi, akatembea hatua chache na fremu. Walimpa karatasi ya mazoezi, imeandikwa Kiingereza. Karatasi hiyo aliikunja akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, na huko ikakaa.

Juma la pili tulikwenda kumwona tukiwa kumi na mmoja, na sukari na unga. Tulimkuta mguu uko juu ya mto. Alipotaka kuinuka kutusalimia sote tulipiga kelele: "Keti, Mama, usijiumize!" Mimi mwenyewe, niliyesomea kazi hii, nikamwambia: "Wewe pumzika, umefanya kazi ya kutosha maishani." Tukasali, tukanywa chai, tukaenda zetu tukiona tumefanya jambo jema.

Juma la sita alirudi kliniki. Goti lilikunja kidogo tu, na kunyoka sawasawa halikunyoka. Daktari akamwambia ukweli: lisipolegea katika majuma machache yajayo, itabidi arudishwe thieta, alazwe kwa dawa ya usingizi ndipo likunjwe kwa nguvu. Yule mama alilia. Si kwa ajili ya uchungu. Alisema: "Nitawaambia nini watu walionichangia?"

3. ZOEZI LA KUKAA

Kabla ya kuendelea, kila mmoja anyooshe mguu mmoja mbele na asiukunje hata kidogo kwa dakika 15, somo likiendelea. Wenye shida ya magoti au miguu wasifanye. Dakika zikiisha, wote wainuke. Ulizeni: Umesikiaje? Wengi watasema goti limekaza na hatua ya kwanza ni ngumu. Je, kuna kilichovunjika? Hapana. Ni kukaa tu. Na hizo zilikuwa dakika 15. Sasa fikiria mtu aliyekaa hivyo majuma sita, na goti lake limetoka kukatwa.

4. NDANI YA GOTI KUNA NINI?

Mzee wa mchezo wetu ana hekima ya ujenzi, lakini hapa hekima hiyo inapotosha. Katika upasuaji huu daktari huondoa sehemu zilizolika za ncha za mifupa, akazivika chuma, na katikati akaweka plastiki ngumu ili viungo viteleze. Mara nyingi chuma hushikizwa kwa simiti maalumu. Simiti hiyo si ile ya slabu, ya kunyunyiziwa maji siku saba. Huganda kwa dakika chache, mgonjwa akiwa bado yuko mezani. Ndiyo sababu wauguzi humsimamisha mgonjwa siku ile ile au kesho yake. Hawana ukatili. Wanajua goti linaweza kubeba uzito.

Kisichokuwa tayari ni nyama, ngozi na misuli. Hizo zimekatwa, zimevimba, nazo huuma. Zinapopona hutengeneza kovu ndani na nje. Goti likichezeshwa, kovu hupona likiwa laini. Goti likikaa tu, kovu hukaza kama ngozi mbichi iliyoachwa juani. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo ya maana zaidi. Katika majuma ya mwanzo tunataka goti linyoke kabisa na likunje kufikia nyuzi 90, yaani kona ya meza. Bila kona hiyo, kuketi na kuinuka kitini ni shida.

Na ule mto chini ya goti? Unastarehesha, lakini unalifundisha goti kukaa limepinda. Ukitaka kuinua mguu ili uvimbe upungue, weka mto chini ya kisigino na shavu la mguu, goti linyoke.

5. MDUARA WA WOGA

Kiongozi achore mduara chini kwa kijiti na kuandika maneno manne: UCHUNGU, WOGA, KUKAA, KUKAZA. Mgonjwa anasikia uchungu. Anafikiri uchungu maana yake kitu kinaharibika, basi anaogopa. Akiogopa anakaa. Akikaa goti linakaza na paja linapoteza nguvu. Siku atakayojaribu tena uchungu ni mkubwa kuliko mwanzo, naye anasema, "Si niliwaambia?" Mduara unazunguka hivyo.

Woga huu si uvivu na si ujinga, wala si upungufu wa imani. Wataalamu wanaufahamu. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani waliandika juu yake na kuupa jina la kitaalamu, maana waliona watu ambao mwili umepona vya kutosha lakini woga ndio unaowafunga. Kwa hiyo kumkemea mgonjwa hakusaidii. Kumbembeleza akae nako hakusaidii. Mduara hukatwa mahali pamoja tu, hapo penye KUKAA, tena kwa kipande kidogo kidogo.

6. NGAZI YA WOGA

Narudi kwa yule mama. Siku ile kliniki, mtaalamu wa fiziotherapia hakumwuliza, "Mbona hukufanya mazoezi?" Alivuta kiti akamwuliza, "Mama, unaogopa nini hasa?" Mama akafikiri, akamtajia: anaogopa chuma kitang'oka, goti hulia "tak" akilikunja, upande mmoja wa kovu umekufa ganzi, na zaidi ya yote anaogopa kuanguka chooni usiku.

Mtaalamu alimjibu moja baada ya lingine. Chuma hakitang'oka kwa kutembea. Mlio wa "tak" usio na uchungu ni chuma na plastiki kugusana, na wengi huusikia. Ganzi kando ya kovu ni ya kawaida. Habari ya choo ni ya kweli, basi itengenezwe. Woga mwingine huisha kwa maelezo na mwingine huisha kwa nyundo na misumari. Fundi wa kijijini alitengeneza kiti cha mbao chenye tundu, cha kuwekwa juu ya choo cha shimo, akapigilia na mhimili wa kushika ukutani. Kuchuchumaa chooni si kazi ya goti jipya.

Halafu walipanga ngazi. Mama alitaja miendo yote anayoiogopa, kuanzia ule wa woga mdogo hadi ule mkubwa. Ngazi yake ilikuwa hivi:

(1) Kulala, kunyosha mguu, na kukaza paja akibonyeza goti chini kwa hesabu ya tano, mara kumi.
(2) Kutelezesha kisigino kitandani kuelekea makalio, karatasi ya nailoni ikiwa chini ya kisigino.
(3) Kuketi kwenye kiti imara, na mguu mzima kuusukuma nyuma polepole ule wa goti jipya.
(4) Kuinuka kitini na kuketi tena, mara tano.
(5) Kutembea na fremu mpaka mlangoni, kisha ghalani.
(6) Kwenda chooni mchana, halafu usiku na tochi.
(7) Kutembea na mkongojo mpaka barabarani, kule kwenye mteremko.
(8) Kwenda kanisani kwa miguu.

Sheria ni hii: anza ngazi ya chini. Irudie kila siku, vipindi vitatu au vinne vifupi, mpaka woga wake upungue, ndipo upande inayofuata. Usiruke. Siku ikiwa mbaya, shuka ngazi moja, lakini usirudi kwenye stuli. Ngazi ya mgonjwa wenu itakuwa tofauti, basi ipangeni na mtu wa fizio, na yale aliyoagizwa hospitalini yatangulie haya yetu.

Uchungu kiasi gani ni wa kawaida? Anaweza kuongea nawe akiwa anafanya, unatulia baada ya kupumzika, usiku analala. Kesho yake goti likiwa limevimba zaidi, punguza kidogo, usiache. Dawa ya uchungu aliyopewa ainywe kama alivyoandikiwa, na mazoezi yafanyike wakati dawa imeshika, nusu saa hivi baadaye. Baada ya mazoezi, kitambaa cha maji baridi kwa dakika 15 hadi 20 hutuliza. Kidonda kikiwa bado hakijafunga, kisilowe. Uvimbe na joto kidogo vinaweza kukaa miezi kadhaa, na nguvu kamili huweza kuchukua hata mwaka.

Mkongojo na vipandio. Mkongojo ushikwe mkono wa upande wa mguu mzima. Kupanda, mguu mzima utangulie. Kushuka, wenye goti jipya utangulie pamoja na mkongojo.

7. KAZI YA WASINDIKIZAJI

Wenzake walipopata habari, mwenyekiti aliitisha mkutano. Mweka hazina alisema jambo ambalo sijalisahau: "Tulichanga pesa, hatukuchanga miguu." Wakapanga zamu, mtu mmoja kila siku asubuhi, nusu saa. Hakuna aliyetoa hata shilingi. Tulijifunza haya:

(a) Simama upande wa goti jipya, nyuma kidogo. Usimshike kwa nguvu wala usimvute mkono. Akijua uko karibu inatosha.

(b) Ondoa vya kukwaza: mikeka, mawe ya njiani, kuku, kandambili. Avae kiatu kinachoshika kisigino.

(c) Punguza "pole". Sisi Wakenya tunasema pole kwa kila kitu, na ni neno zuri. Lakini mgonjwa akiguna mara moja na watu watatu wakaitikia "pole!", ameshaambiwa mara tatu kwamba ameumia. Badala yake uliza: "Leo umefika wapi?"

(d) Hesabu naye kwa sauti. Tia alama mlangoni kwa makaa kila anapofika mbali zaidi. Mama yetu alionyesha wageni alama hizo kabla ya kuwaonyesha kovu.

(e) Mfundisheni na mkaza mwana. Yeye ndiye aliyekuwa akimhudumia usiku na mchana, na siku ya kwanza aliona kama tumekuja kumshtaki. Tulimwomba msamaha. Baadaye yeye ndiye aliyekuwa mkali wa zamu kuliko sote.

(f) Usifanye kila kitu kwa niaba yake. Mwache achambue maharagwe, ainuke afuate sufuria. Kazi ndogo ya nyumbani ni mazoezi, tena inamrudishia heshima yake.

8. DALILI ZA HATARI

Kumtia moyo hakumaanishi kufumba macho. Mpelekeni hospitali mara moja, bila kungoja kesho, mkiona:

– Shavu la mguu limevimba na linauma, hata akipumzika. Damu inaweza kuwa imeganda.
– Anashindwa kupumua vizuri, au kifua kinamchoma ghafla. Hii ni dharura kubwa.
– Kidonda kinatoa usaha au maji, wekundu unaenea, au ana homa na kutetemeka.
– Ameanguka na tangu hapo hawezi kukanyaga, au goti limekaa vibaya.
– Uchungu unaozidi kila siku hata kwa dawa na kupumzika.

Mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji chenu aambiwe mapema kwamba mna mgonjwa wa goti, naye apite kumwona.

9. NENO LA MUNGU

Someni Matendo ya Mitume 3:1-10. Yule kiwete wa kwenye mlango wa hekalu alizoea kupewa sadaka na kuachwa pale pale ameketi. Petro hakuwa na fedha ya kumpa. Alimshika mkono wa kuume akamwinua, na ndipo miguu ikapata nguvu. Tazameni kwamba Petro hakumbeba. Sisi tulikuwa na fedha, tukatoa, tukasahau mkono.

Neno moja kwa wale wanaoona aibu kutopiga magoti kanisani. Asiyeweza kupiga magoti kwa sababu ya afya hakosi heshima mbele ya Sakramenti. Asimame au aketi. Siku atakayotaka kujaribu tena, amwulize daktari wake kwanza.

MWISHO WA HADITHI

Juma la kumi yule mama alirudi kliniki. Goti lilikuwa linakaribia kona ya meza, na daktari akasema thieta haihitajiki tena. Mwezi wa tano alikuja kanisani kwa miguu, akapumzika mara mbili njiani kwenye kingo za barabara. Sitawaficha: goti lake halikunji vizuri kama lingekunja angeanza mapema. Yale majuma sita hayarudi. Lakini juzi nilimkuta barabarani na kikapu cha sukuma wiki, nikamwambia, "Mama, pumzika kidogo." Akacheka akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiwe uliyenipumzisha hata nikakaribia kukaza kama mwiko. Nipishe nipite."

10. MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu ni nani aliyepasuliwa au kuvunjika akabaki amekaa? Tumewahi kumwuliza anaogopa nini?
2. Ni maneno gani tunayosema kwa mapenzi lakini yanamfunga mgonjwa?
3. Choo, mlango na njia za nyumba zetu zinamfaa mtu wa mkongojo? Ni nini kinaweza kutengenezwa kwa mbao na misumari tuliyo nayo?
4. Ni woga gani mwingine katika kikundi chetu unaozunguka kama ule mduara?

Kazi ya kufanya. Mwandishi aandike katika kitabu cha kikundi: siku kikundi kinapochangia mtu upasuaji, siku hiyo hiyo yaandikwe majina ya watakaomsindikiza kwa miezi mitatu ya kwanza. Karatasi ya mazoezi kutoka hospitali isomwe na kufasiriwa mbele ya mgonjwa na jamaa yake kabla haijakunjwa.

Mungu awabariki katika kazi yenu.